Shemeji kanipa eksteno ya TB 16 bure, na mimi nimebeba amana za watu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Tanga mjini. Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi, hasa shughuli za wanawake watupu: singo, usiku wa hina, na siku ya bibi harusi kutolewa. Wananiita kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao. Kule ndani watu wanavua mabuibui na mitandio, wanacheza, wanafurahi, na hakuna mwanaume anayetakiwa kuona. Nimeanza na hilo ili unielewe huko mbele.

Kompyuta yangu ni laptopu ya mtumba, diski yake ya ndani ni GB 256. Shughuli moja ya siku tatu inanila GB 80 mpaka 120, kwa hiyo kila nikipata kazi mpya inabidi nifute ya zamani. Sasa hivi nimebakiwa na GB 9. Kuwaka tu inachukua dakika kumi, na nikiwa nahariri inaganda mpaka naenda kukoroga ugali na kurudi ndipo inafunguka.

Mwaka jana nilikuwa na eksteno, yaani diski ya nje, ya TB 1, ambayo ni kama GB 1,000. Nilikuwa nimeiweka mezani, mtoto wangu mdogo akapita mbio akanasa waya, ikadondoka sakafuni huku inafanya kazi. Tangu siku ile ukiichomeka inalia tik, tik, tik, halafu kimya. Ndani kulikuwa na harusi ya binti mmoja ambayo sikuwa nimeimaliza. Nilirudisha pesa yote, lakini mama yake hakutaka pesa. Aliniambia, "Bibi yake alikuwemo kwenye ile video, na bibi amekwishafariki." Mpaka leo nikimwona soko la Mgandini nazunguka upande wa pili. Fundi mmoja alinitaka nimwachie ile diski aifungue aone. Nilikataa, kwa sababu nilijua vilivyomo. Nimeifunga kwenye kitambaa, ipo kabatini.

Sasa shida yenyewe. Nimepokea mchezo, nina shilingi laki nne. Nimezunguka madukani. Eksteno ya kawaida, ile ya kuzunguka, TB 1 nimeambiwa 160,000, TB 2 ni 240,000. SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya TB 1 ni 290,000. Muuzaji mmoja anasema nichukue SSD kwa sababu haivunjiki. Mwingine anasema SSD ikifa haifufuki, nisithubutu. Nimerudi nyumbani kichwa kinauma.

Katikati ya hayo, mdogo wa mume wangu, ambaye anafanya biashara Dar es Salaam, alikuja kutusalimia akaniletea zawadi: eksteno ya SSD, ndogo kama kiberiti, inang'aa, imeandikwa TB 16. Anasema amepata mzigo, anaziuza 65,000 moja, yangu kanipa bure kwa sababu mimi ni shemeji yake na aliguswa na yaliyonipata. Nimeichomeka, na kweli kompyuta inaonyesha nafasi kubwa ajabu. Nimeshaipakia harusi ya mwezi uliopita, na majina ya faili yote nayaona. Mume wangu anasema, "Umeshapata kubwa kuliko zote, tena bure. Unataka kununua nini tena?" Anataka ile laki nne tumalizie bati za nyumba. Lakini binamu yangu anayesoma chuo aliishika mkononi, akaninong'oneza kwamba hiyo ni feki. Nikimwambia mume wangu, ataona namdharau mdogo wake. Na mama mkwe ameshawatangazia majirani zawadi niliyoletewa.

Kuna jambo moja zaidi. Kwenye laptopu hiyo hiyo kuna folda ya sauti za marehemu mama yangu. Nilimrekodi kwa simu miezi yake ya mwisho, akinisimulia alivyolelewa Pangani, na akiimba nyimbo walizokuwa wakimwimbia mwali. Hazifiki GB 3, na zipo hapo tu. Kila nikitafuta cha kufuta, mkono unanitetemeka nisije nikazigusa.

Baada ya Idi nina shughuli mbili. Kadi zangu za kamera bado zimejaa ile harusi ya mwezi uliopita, nataka nizifute nizitumie tena. Shangazi, ninunue eksteno gani? Na shemeji yangu nimfanyeje?

Mama wa Kamera, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Yapo mawili ambayo hayasubiri mpaka mwisho wa safu hii, kwa hiyo nakuanzia nayo. La kwanza, zile kadi za kamera usizifute. Hata kama Idi ni kesho, azima kadi, nunua kadi nyingine moja, fanya uwezavyo, lakini hizo ziache kama zilivyo mpaka uhakikishe harusi ile ipo mahali pengine na inafunguka. La pili, sauti za mama yako. GB 3 ni mzigo mdogo sana. Zinaenea kwenye flashi yoyote uliyonayo ndani ya droo, zinaenea kwenye simu yako, na akaunti ya Google inakupa GB 15 bila malipo, kwa hiyo hata huko zinaingia na nafasi inabaki. Zinakili leo, sehemu mbili tofauti, kisha uketi tusome pamoja haya mengine.

Umeniuliza ununue eksteno gani. Mimi barua yako nimeiona ina maswali matatu yaliyosukwa kama ukili mmoja. Kuna nafasi, maana kompyuta imejaa. Kuna usalama, maana ulishapoteza mara moja na jeraha bado bichi. Na kuna amana, maana ulivyobeba si vyako peke yako. Wauzaji wamekujibu lile la kwanza tu, ndiyo maana umerudi na kichwa kinauma.

Tuanze na zawadi ya shemeji, kwa kuwa ndiyo inayowasha moto nyumbani.

Binamu yako ana sababu ya kunong'ona. Eksteno ndogo za kuzunguka, zile za kubebeka, ukubwa wake kwa miaka mingi uliishia TB 5, na hivi karibuni zimefika TB 6. SSD za kubebeka kubwa sana zipo, Samsung walitoa ya TB 8 mwaka 2023, lakini bei yake ilikuwa mamia ya dola. TB 16 ndani ya kiberiti kwa shilingi 65,000 ni hesabu isiyokubali. Vitu vya namna hiyo vimeenea dunia nzima, na ukivifungua mara nyingi unakuta kikadi cha memori cha GB 32 au 64, wakati mwingine na kipande cha chuma kilichogandishwa humo ili mkono uhisi uzito. Kile kibao cha umeme ndani kimefundishwa kuidanganya kompyuta. Kompyuta inaambiwa kuna TB 16, nayo inaamini. Unapakia, mstari unajaa, majina ya faili unayaona yote, kama ulivyoyaona wewe. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachofuata ama kinaandikwa juu ya kilichotangulia, ama hakiandikwi popote. Jina linabaki, video haipo.

Lakini mimi sijaishika hiyo diski, wala wewe huna haja ya kunisadiki mimi au binamu. Kipimo kipo mikononi mwako. Zile kadi bado unazo, na harusi ile umeshaipakia. Chomoa eksteno, hesabu mpaka kumi, chomeka tena. Usiangalie majina. Fungua video za mwanzo, kisha za katikati, kisha za mwisho kabisa, na kila moja uitazame mpaka dakika yake ya mwisho. Kama ilikuwa harusi ya GB 100 na diski ina GB 64 za kweli, utaona mahali ilipokatika. Ukitaka kipimo cha ukali zaidi, kuna programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw. Inaijaza diski kwa data, halafu inairudia kuisoma, na mwisho inakuambia ni kiasi gani kilichorudi salama. Unaweza kuiamuru ijaribu GB 200 tu badala ya zote, maana kuijaza inayodai TB 16 ni kazi ya siku nyingi. Binamu yako ataijua.

Sasa hapa nikuulize kwa upole. Umeandika kana kwamba njia ni mbili tu: umwumbue shemeji, au unyamaze uweke harusi za watu kwenye kitu usichokiamini. Je, umeshafikiria kwamba shemeji yako mwenyewe huenda ametapeliwa? Mtu hampi mke wa kaka yake kitu kibovu akijua ni kibovu, tena kwa kumwonea huruma. Na kama ana mzigo mzima wa kuuza, kila siku unayonyamaza kuna mama mwingine anapakia picha za wanawe humo ndani, na kesho atamrudia yeye dukani na jazba. Mashemeji mna nafasi ya utani ambayo mume wako na mdogo wake hawana. Unaweza kumpigia, "Shemeji, ile zawadi naijaribu kabla sijaitia kazini, na wewe chukua moja kwenye mzigo wako uijaribu hivi na hivi, tuone." Majibu yatatoka kwenye diski yake mwenyewe, mbele ya macho yake. Au unaweza kumkalisha mume wako mkaitazama ile harusi pamoja kwenye eksteno (sehemu zile za nje, ambazo mwanaume anaweza kuziona) mpaka inapokatika. Hapo huna haja ya kusema neno "feki".

Hatari ipo pia kwenye njia hizo, sikufichi. Shemeji anaweza kuona aibu akageuza aibu kuwa hasira, na pesa yake imelala kwenye ule mzigo. Mama mkwe naye ameshatangaza. Wewe ndiye unayewajua. Unaweza kuamua kuipokea zawadi, ukashukuru, ukaiweka, na ukaendelea na mipango yako bila kuieleza kwa mtu. Ni njia ya amani, ila ina gharama yake: mume wako ataendelea kuziona zile TB 16 mezani kila utakapogusa ile laki nne.

Na laki nne yenyewe, tuzungumze.

Wauzaji wako wawili kila mmoja amekupa nusu ya ukweli. Eksteno ya kawaida ina visahani ndani, mara nyingi vinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinaelea kwa umbali mdogo mno, unene wa unywele ni mlima mbele yake. Ndiyo maana ilipodondoka ikiwa inazunguka, iliumia pale pale. Ile tik, tik ni kichwa kinatafuta njia na hakiioni. SSD haina kinachozunguka. Mtoto akinasa waya, ikidondoka, una nafasi kubwa ya kuiokota ikiwa nzima. Lakini yenyewe huwa inakufa ghafla, jana ilikuwa nzima leo haionekani kabisa, na kuitoa data ndani yake ni kazi ngumu. Tena si chombo cha kuweka kabatini mwaka mzima bila kuitia umeme, kwa sababu data yake ni chaji, na chaji huvuja polepole. Ya visahani hulala kabatini vizuri zaidi, mradi isidondoshwe na isikae penye unyevu wa chumvi kama huo wenu wa pwani. Kopo lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, vinatosha.

Kuhusu kasi, labda umeambiwa SSD ndiyo itakayoondoa kuganda. Nina shaka. Harusi ya GB 100 itakuchukua kama robo saa kuipakia kwenye diski ya visahani iliyo nzima, na dakika chache kwenye SSD, kama utachomeka kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu. Ukichomeka kwenye tundu la zamani, zote mbili zitakuchosha, karibu saa nzima. Lakini kuhariri video ya kawaida ya 1080p hakuhitaji kasi kubwa, megabaiti chache tu kwa sekunde, na diski ya visahani inatoa zaidi ya 100. Kinachokugandisha, kwa jinsi ulivyoeleza, kinafanana zaidi na diski ya ndani iliyobakiza GB 9 kati ya 256. Windows inahitaji pa kupumulia. Ukihamisha kazi za zamani ukaiachia hata GB 50 wazi, huenda ukaona tofauti kabla hujanunua chochote cha kasi. Ikiwa bado inaganda, basi shida iko kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, au kwenye kompyuta yenyewe, na hakuna eksteno itakayoitibu.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, mwanangu. Mwaka jana ulikuwa na eksteno, na ilikuwa nzima mpaka dakika ile mtoto aliponasa waya. Kwa hiyo tatizo halikuwa aina ya diski. Harusi ya yule binti ilikuwa mahali pamoja tu. Ukinunua SSD ya 290,000, ukahamishia kila kitu humo na kufuta kwenye kompyuta, utakuwa umerudi pale pale ulipokuwa, ila kwenye chombo cha bei. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza hesabu ambayo watu wa kazi yako wanaishi nayo: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Nje ya nyumba kwa sababu moto, mafuriko na mwizi havichagui droo.

Ukiitazama laki nne yako kwa jicho hilo, hesabu inageuka. Diski mbili za visahani za TB 1 ni 320,000, unabaki na 80,000: moja ya kazini, moja ya nakala inayolala kwa dada yako au kwa mtu unayemwamini. Hatari yake ni kwamba TB 1 ni harusi 9 au 10 tu za video ghafi, na msimu wa baada ya Idi unaweza kuijaza mapema. SSD moja inakupa utulivu wa mtoto na waya, lakini nakala ya pili inasubiri mchezo ujao, na kwa miezi hiyo unatembea na yai moja kiganjani. TB 2 moja ya visahani inakupa nafasi na inakubakizia 160,000, ambayo ndiyo bei ya TB 1 ya nakala, lakini hapo laki nne imeisha yote na bati hazikupata kitu. Kuna na njia ya nne ambayo hukuitaja: kumpa fundi laptopu aibadilishie diski ya ndani iwe kubwa. Itakufaa sana kazini, ila kumbuka, unamkabidhi fundi mashine yenye vilivyomo. Ukienda huko, toa kila kitu kwanza.

Mume wako naye sikumwona kama mkorofi kwenye barua yako. Anaona kitu cha bure mezani na bati zinazosubiri. Je, anajua hesabu ya harusi moja inakuingizia kiasi gani, na ile iliyopotea ilikugharimu nini? Pengine akioneshwa daftari, mazungumzo yatakuwa mengine. Pengine hayatakuwa, na mtagawana pesa nusu kwa nusu. Hilo ni lenu.

Nikuulize na lingine: ni lazima utunze kila kitu? Wapiga video wengi humwambia mteja tangu siku ya malipo kwamba video ghafi zitakaa kwa muda fulani, miezi mitatu au sita, halafu zitafutwa na kubaki ile iliyokamilika, ambayo GB 10 inaitosha. Ukifanya hivyo TB 1 inakuwa kubwa ghafla. Na wanawake walioko ndani ya video zako wanaweza kushukuru kusikia kwamba picha zao za bila mtandio hazikai kabatini kwa mtu miaka kumi. Wengine watataka uwatunzie. Waulize, na uandike. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata folda ni mali: jina la familia, tarehe, nakala iko wapi, inafutwa lini.

Hapo tumefika kwenye amana. Ulivyomkatalia yule fundi ulifanya jambo ambalo wenye kazi hiyo hawalifanyi sikuzote, na nilijisikia vizuri kulisoma. Diski yoyote utakayonunua inaweza kufungwa kwa nywila, ili hata ikiibwa kwenye daladala aliyeiokota asione kitu. Windows toleo la Pro lina BitLocker, na kwa matoleo mengine kuna VeraCrypt ya bure. Faida yake ni kubwa na hatari yake ni kubwa vilevile: ukisahau nywila, hakuna fundi wa kukusaidia, data imekwenda. Iandike kwenye karatasi uitunze kule unakotunza vyeti vya watoto.

Siku ukienda dukani, haya nayapitia haraka. Nenda na laptopu yako. Watengenezaji wakubwa wa diski za visahani waliobaki ni watatu, Seagate, Western Digital na Toshiba, kwa hiyo jina geni kwenye diski ya visahani liulize maswali. Dai risiti ya mashine. Kompyuta ikikuonyesha 931 badala ya TB 1, hujaibiwa, ni namna tu Windows inavyohesabu. Weka kwenye flashi programu ya bure ya CrystalDiskInfo, ichomeke diski pale pale kaunta, uangalie imefanya kazi saa ngapi tangu itengenezwe. Mpya huwa karibu na sifuri. Ukikuta saa 14,000, hiyo ni diski ya zamani iliyovalishwa kasha jipya, na maduka yanajua kufanya hivyo. Chukua ile ndogo inayokula umeme wa USB, si ile kubwa yenye chaja yake ya ukutani, maana umeme ukikatika katikati ya kupakia, laptopu yako ina betri lakini chaja ya ukutani haina. Na jifunze kuitoa kwa amri kwenye kompyuta kabla ya kuchomoa waya.

Nimeiacha ya mwisho ile iliyofungwa kwenye kitambaa.

Uliiandika kwa mstari mmoja tu, lakini nadhani ndiyo iliyokufanya unishikie kalamu. Diski inayolia tik si lazima iwe imekufa yote. Mara nyingi visahani bado vina kila kitu, kilichoharibika ni kichwa. Kuna wataalamu wanaobadilisha vichwa hivyo ndani ya chumba kisichokuwa na vumbi hata chembe, ndiyo maana ingekuwa makosa makubwa fundi kuifungua mezani kwake. Kazi yao ni ghali, pengine kuliko eksteno zote ulizozitaja kwa pamoja, na hawaahidi. Tena ni watu, watayaona yaliyomo, na hapo sina la kukurahisishia. Mwenye haki ya kusema kama picha za harusi ile zionwe na mtu baki ili zipatikane si wewe wala mimi. Ni yule binti na mama yake.

Mama yule anajua kwamba diski bado unayo? Kwenye barua yako sikuona mahali ulipomwambia. Yeye huenda anaamini uliitupa siku ile ile. Kumwambia kuna hatari ya kumpa tumaini ambalo likivunjika litaumiza mara ya pili, na huenda akakuuliza nani atalipa, nawe huna jibu. Kutomwambia kuna kukwepana sokoni. Wewe umemrekodi mama yako akiimba, unajua anachokililia mwenzio.

Ukiamua kumfuata, mwache mtoto wako mdogo nyumbani kwa jirani, uende nayo hivyo hivyo kwenye kitambaa chake. Akitaka kuona kama kweli imekufa, mwelewane usiichomeke. Kila inapowashwa, kile kichwa kinaweza kukwaruza pale alipo bibi.